Mpaka Kidevuni

Wahenga walisema, maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.
Hawakusema uyaoge mpaka wapi.
Jumatatu ya kwanza niliishia kwenye vifundo vya miguu,
nimeng'ang'ania chuma cha ngazi
kama mgonjwa aliyeshika mkono wa daktari.
Nikasema, leo imetosha.
Nikatoka, nikavaa koti,
nikapanda basi la Townhill na nywele kavu kabisa.

Bwawa la manispaa, Swansea, saa kumi na mbili na nusu asubuhi.
Nje giza bado. Mvua ya huku hainyeshi, inaning'inia.
Natoka zamu ya usiku, dobi la hospitali,
mikono inanuka sabuni kabla sijagusa maji,
nalipa pauni tatu ili niogope.

Mwalimu wangu, Cerys, ana miaka kumi na tisa
na filimbi asiyoipuliza.
Aliniuliza: kwenu si kuna bahari?
Mwanangu, mimi ni wa Kongwa.
Kwetu bahari ni habari za madereva wa malori.
Kwetu maji huwekwa kichwani,
kichwa hakiwekwi majini.
Akacheka, akanyamaza,
akasema, basi leo magoti.

Magoti.
Kisha kiuno, na kiuno kilinikalisha wiki mbili.

Nimegundua woga ni mmoja, unabadili nguo tu.
Huu wa bwawani ndio ule wa simu
inayolia kwa namba nisiyoijua,
ndio ule wa bahasha ya halmashauri
niliyoificha nyuma ya redio tangu Februari.
Basi nimejipangia: kila siku kimoja,
kisizidi punje ya mtama.
Jumanne nilifungua bahasha. Kumbe wao ndio wadaiwa,
pauni kumi na moja na ushee.
Alhamisi nilimwambia msimamizi jina langu si Wendy.
Ni Wendo.
Herufi moja, ya mwisho,
na imenichukua miaka sita kuifikia.

Ijumaa sikufanya kitu. Nililala na viatu.
Naliandika na hilo,
daftari lisilo na sifuri ni la mwongo.

Nyemo kanipigia kutoka Dodoma:
Mama, miaka hamsini na tatu, unataka kwenda Olimpiki?
Nataka kufika puani, nikamjibu.

Kidevuni maji yana sauti.
Yananong'ona chini ya sikio kama jirani mwenye jambo.
Hapo ndipo nilipomwona mama,
debe kichwani, tawi bichi juu ya debe
ili maji yasiruke njiani.
Saa mbili kuyafuata, saa mbili kurudi nayo,
shingo imenyooka, hata salamu aliitikia kwa macho.
Angesimama hapa ukingoni na kanga yake,
angetazama bwawa lote, mita ishirini na tano,
angeuliza: haya ni ya nani?
Na nani anayanywa?
Sina jibu, mama. Tunayapiga mateke.

Leo asubuhi niliinamisha uso.
Moja.
Nikafumbua macho, jambo ambalo sikuagizwa.
Nyayo zangu zilikuwa kule chini juu ya vigae vya buluu,
kubwa kuliko ninavyozijua, zimetulia,
kana kwamba hazina habari na vurugu ya huku juu.
Plasta ya kidole cha mtu ikapita mbele yangu taratibu.
Mbili.
Nikaibuka nakohoa kama pikipiki ya zamani.
Mzee Pugh, anayeogelea chali kila siku bila kumsemesha mtu,
akainua mkono mmoja kutoka majini, akaurudisha.

Cerys akauliza, na kesho?
Kesho nina zamu mbili, nikasema.
Haikuwa kweli. Ilikuwa pua inaniwasha,
na nilitaka kuondoka nikiwa na mbili zangu mkononi.

Kwenye basi la Townhill nilikaa dirishani.
Maji yakanitoka kichwani mpaka kwenye kola,
tone, kisha tone,
kama debe lisilo na tawi.